Kubaki PCM au kuhamia PCB yenye BAM: mwongozo kamili wa kuamua

Kidato cha tano huripoti mwezi wa saba. Ikifika katikati ya mwezi wa nane, jaribio la kwanza la Hisabati ya Juu linarudishwa, na kesho yake kuna foleni mlangoni kwa mwalimu wa taaluma. Aliyekuwa na A kidato cha nne ameshika karatasi yenye 34. Aliyekuwa na C ana 11. Wote wanauliza swali moja: "Mwalimu, naweza kuhama PCM niende PCB?" PCM ni tahasusi, au kombi, ya Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu; PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Nimefundisha hisabati kidato cha tano na sita kwa miaka 14, na foleni hiyo haijawahi kukosekana. Wengine niliwaambia wahame, wakafanya vizuri. Wengine niliwaambia wabaki, wakanishukuru. Wapo pia niliowashauri vibaya, na mmoja wao ndiye aliyenifanya niache kutoa jibu la papo hapo. Alikuwa binti mwenye 22 kwenye jaribio la kwanza. Nikamwambia hama, usijitese. Akahama. Miezi minne baadaye nikamkuta maktaba akisoma juu ya uhandisi wa umeme, nikamuuliza anataka kusoma nini chuo. Akanitazama kama vile ningelipaswa kuuliza swali hilo mwezi wa nane. Ningelipaswa kweli.

Kwa hiyo twende kwa hatua. Nitazungumzia zaidi PCM na PCB kwa sababu ndiko wanafunzi wengi wanakohangaika, lakini aliye EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati ya Juu) anayefikiria HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) atakuta mambo mengi ni yale yale.

Hatua ya kwanza: jua unashuka kutoka wapi kwenda wapi

Wanafunzi husema "nataka kuacha Hisabati nichukue BAM" kana kwamba ni kubadilisha daftari. Sivyo. Hisabati ya Juu ni somo kamili la tahasusi: karatasi mbili, saa tatu kila moja, na alama yake inaingia kwenye daraja lako. BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, ni somo la nyongeza lenye karatasi moja, na alama yake haiingii kwenye daraja. Huwezi kubaki PCM ukasoma BAM badala ya Hisabati ya Juu. Ili uipate BAM ni lazima uhame kombi nzima: uende PCB, CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) au nyingine ya aina hiyo, ambako unapokea somo jipya kamili. Kwa anayetoka PCM, somo hilo kwa kawaida ni Baiolojia.

Sasa jiulize kabla ya jambo lolote: Baiolojia ulipata ngapi kidato cha nne? Kama hukupata angalau C, mlango wa PCB haupo, na mazungumzo yetu yanahamia kwenye kombi nyingine kabisa. Na kama uliipata hiyo C kwa kukariri wiki mbili za mwisho, ujue Baiolojia ya kidato cha tano siyo hadithi za panzi na maharage. Inaanza na seli kwa undani wake wote, ina uainishaji wa viumbe wenye majina ya Kilatini, na ina mafunzo kwa vitendo. Nimeona watu wakikimbia simba wakaparamia mti wenye chatu.

Jambo la pili wanalosahau ni Fizikia. Mtihani wa Fizikia wa taifa ni ule ule kwa PCM na PCB. Mwendo wa mzunguko, kitu kinachobembea, umeme: kote humo kuna kalkulasi na trigonometria. Mwenzako wa PCM anazifanyia mazoezi kila siku kwenye Hisabati, wewe utazikuta kwenye BAM kwa vipindi vichache, tena pengine mada hiyo ikifika baada ya mwalimu wa Fizikia kuipita. Ukihama, hisabati haikuachi. Inakufuata kupitia Fizikia, safari hii bila mwalimu wa kukushika mkono.

Kilichopungua ni nini basi? Ni mada nzito za kidato cha sita, kama namba changamano, milinganyo ya diferensiali na vekta za kina, na ni kasi. BAM inagusa fankisheni, aljebra, kalkulasi ya mwanzo, takwimu, uwezekano na matriki, lakini haikusukumi hadi ukingoni.

Hatua ya pili: angalia mlango gani unafungwa

Kila mwaka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hutoa mwongozo wa udahili unaoorodhesha kozi za kila chuo na sifa za kuingilia. Uchukue kwenye tovuti yao, hata wa mwaka uliopita unatosha kwa kazi hii. Usiusome wote, ni mkubwa kama biblia. Andika kozi tano unazozitaka kwa dhati, tafuta kila moja kwenye vyuo viwili au vitatu, kisha nakili sharti lake neno kwa neno kwenye daftari.

Utakuta masharti ya aina tatu. Ya kwanza yanaitaja Hisabati ya Juu kwa jina kama prinsipo, yaani lazima uwe na A hadi E katika somo hilo. Uhandisi wa ujenzi, mitambo na umeme hutaka Fizikia na Hisabati. Sayansi ya bima na mahesabu ya hatari, ile inayoitwa akchuaria, haina mjadala. Aina ya pili inasema Hisabati ya Juu ni moja ya masomo yanayokubalika, au kwamba asiyekuwa nayo awe na ufaulu fulani wa BAM au wa Hisabati ya kidato cha nne. Humu mna kozi nyingi za biashara, na baadhi ya zile za kompyuta na uchumi, na vyuo vinatofautiana sana, kwa hiyo usiamini ya kusimuliwa. Aina ya tatu haiihitaji kabisa: udaktari wa binadamu na ufamasia hutaka Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Weka alama pembeni ya kila kozi: F kama mlango utafungwa ukihama, W kama utabaki wazi. Kama kozi zako tano zote ni W, na hasa kama unataka udaktari lakini uliingizwa PCM kwa sababu baba alisema "hesabu ndiyo kila kitu", basi huhitaji kusoma hatua ya tatu na ya nne. Hama wiki hii. Kila siku unayokaa ni siku ya Baiolojia inayokupita.

Kama zote ni F, hama pale tu utakapokuwa umejaribu kweli na ukakubali kubadili ndoto yenyewe. Walio wengi watakuwa na mchanganyiko, na hao ndio mwongozo huu unawahusu hasa.

Hesabu mbili zinazokwenda kinyume

Hapa naomba utulie kidogo, maana wazazi wengi na hata walimu wengine huchanganya.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, hutumia pointi ambazo kidogo ndiyo bora: A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Wanajumlisha masomo matatu ya tahasusi. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. TCU hutumia pointi ambazo nyingi ndiyo bora: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S ni nusu. Kwa kozi nyingi wanataka prinsipo mbili katika masomo yanayohitajika na kozi hiyo, zenye jumla isiyopungua pointi 4.

Sasa mchukue mwanafunzi aliyemaliza PCM na Fizikia C, Kemia C, Hisabati S. NECTA: 3 na 3 na 6 ni 12, daraja la pili. Nyumbani wanapika pilau. Lakini S siyo prinsipo, kwa hiyo kozi inayotaka Fizikia na Hisabati imeshamkataa, daraja la pili na pilau vyote pamoja. Kinachomwokoa ni kozi zinazotaka Fizikia na Kemia, ambako ana pointi 6.

Mwingine ana Fizikia D, Kemia C, Hisabati E. Naye ana 12, daraja la pili. Prinsipo zake zote tatu zipo. Lakini Fizikia 2 na Hisabati 1 ni pointi 3, na uhandisi unataka 4. Kakosa kwa pointi moja.

Maana yake ni kwamba ukibaki PCM kwa ajili ya uhandisi, lengo lako la chini kwenye Hisabati ni D, ambayo inaanza na alama 50. Ama E yenye 40 na kuendelea, ila Fizikia iwe C. Andika namba hiyo mahali unapoiona. "Nataka kufaulu Hisabati" ni maneno matupu, lakini "nataka 50" unaweza kuipangia ratiba.

Na anayehama vilevile apige hesabu yake. PCB yenye Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C ni 10 kwa NECTA, na Kemia na Baiolojia zinampa pointi 6 kwa TCU. Ni mahali pazuri pa kusimama, iwapo hiyo C ya Baiolojia itapatikana kweli. Usijigawie alama ya somo ambalo hujaanza kulisoma.

Hatua ya tatu: pasua karatasi uliyofeli

Huu ndio moyo wa jambo lenyewe, na ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Mwanafunzi huangalia ile 30 iliyozungushiwa wino mwekundu, anakunja karatasi, anaiingiza chini ya godoro. Itoe. Tafuta kalamu na upite kila alama uliyopoteza, moja moja, ukiandika pembeni herufi moja kati ya tatu.

M ni msingi: ulikosa jambo la kidato cha kwanza hadi cha nne. D ni dhana: mada mpya yenyewe hukuielewa. K ni kasi: ulijua lakini hukumaliza, au uliacha wazi kwa woga.

Nitakuonyesha. Kijana mmoja alipewa atafute diferensiali ya x² kwa kuanzia kanuni ya mwanzo. Aliandika sawasawa: chukua (x + h)², toa x², gawa kwa h, kisha h iende sifuri. Mwenye kuelewa kalkulasi ndiye anayeandika hivyo. Kisha akapanua (x + h)² akapata x² + h². Akatoa x², ikabaki h². Akagawa kwa h, ikabaki h. Ikaenda sifuri. Jibu: 0. Jibu sahihi ni 2x. Yaani 2xh ndiyo iliyopotea, na pamoja nayo alama zote. Kupanua mabano ni mada ya kidato cha pili.

Nilipoikagua karatasi yake nzima alikuwa amepoteza alama 70. Kati ya hizo 41 zilikuwa M, 12 zilikuwa D, na 17 zilikuwa K. Yeye alikuja ofisini akisema "kalkulasi hainiingii". Kalkulasi ilikuwa imemwingia. Kilichokuwa hakimo ni mabano, sehemu zenye herufi, vipeo na logi.

Hili linatokea kwa sababu cheti cha kidato cha nne kinaonyesha herufi, hakionyeshi alama. C inaanzia 45 na kuishia 64. Wawili wenye C wanakaa dawati moja PCM, mmoja akiwa na 46 na mwingine 63, na hakuna anayejua nani ni nani hadi jaribio la kwanza.

Soma matokeo yako hivi. M zikiwa nyingi, usihame kwa sababu hiyo peke yake, kwani ugonjwa huo utakwenda nao kwenye BAM, utakwenda nao kwenye Fizikia na kwenye mahesabu ya Kemia. Dawa yake ni kurudi nyuma, na inawezekana kwa wiki kadhaa kama bado ni muhula wa kwanza. D zikiwa nyingi, tena kwenye mada ambazo ulihudhuria vipindi vyote, ukafanya mazoezi na kuuliza, hiyo ni dalili ya kweli kwamba kiwango hiki kinakuzidi, na kuhama ni busara. K zikiwa nyingi, tatizo ni mazoezi ya kupimwa kwa saa, siyo somo.

Kuna D za uongo pia. Kama mwalimu wa somo hayupo tangu mripoti, au mlifundishwa mada tatu kwa wiki moja ili jaribio liwahi, hizo D si zako. Ziandike pembeni, usizihesabu.

Hatua ya nne: wiki sita za majaribio

Sita, siyo mbili, siyo muhula mzima. Wiki mbili ni chache mno kwa msingi kurudi. Muhula mzima ni mrefu mno kwa anayeweza kuhitaji kuhama.

Wiki mbili za kwanza usiguse mada mpya nje ya kipindi. Tafuta vitabu vya kidato cha pili na cha tatu, na kama aibu inakusumbua vifunike kwa gazeti. Fanya mabano na mafactori, sehemu zenye herufi, vipeo na logi, kuhamisha vigezo kwenye fomula, trigonometria ya pembetatu. Maswali 20 kwa siku, yote kwa mkono, bila kikokotoo. Saa moja na nusu ya prepo inatosha.

Wiki ya tatu na ya nne rudi kwenye lile jaribio ulilofeli. Lifanye upya lote bila kuangalia masahihisho, sahihisha, rudia uliyokosa siku mbili baadaye. Halafu chukua swali moja kila siku kutoka pasti pepa za NECTA kwenye mada mlizokwisha soma. Moja tu, lakini lifike mwisho. Hapa diskasheni husaidia, kwa sharti kwamba kila mmoja ameshika kalamu. Ile diskasheni ya kipanga mmoja ubaoni na wengine 12 wakitikisa vichwa ni sinema.

Wiki ya tano jipime kwa saa. Wiki ya sita mwombe mwalimu wa somo akutungie jaribio fupi au akupe la darasa jingine, asahihishe yeye.

Kipimo ninachotumia, na ni changu tu, si cha wizara: ukipanda kwa alama 15 au zaidi, baki, hata kama bado uko chini ya 50. Mtihani wa mwisho ni mwezi wa tano wa mwaka wa pili, na mwenye mwelekeo huo ana muda. Ukipanda chini ya 5 ilhali ulifanya kazi kweli, hama. Katikati hapo, rudi kwenye zile F na W za hatua ya pili, uangalie kozi unazoziacha unazitaka kiasi gani.

Sambamba na hayo, kwa wiki hizo sita azima daftari la Baiolojia la rafiki aliye PCB na usome mada ya seli Jumapili mchana. Ukihama, hujaachwa sana. Ukibaki, hujapoteza kitu. Na kama baada ya Jumapili ya pili unaona heri ufue mashuka kuliko kufungua daftari hilo, umepata jibu ambalo hakuna mwalimu angeweza kukupa.

Hatua ya tano: zungumza na watu, kwa mpangilio

Anza na mwalimu wa Hisabati, ukiwa na karatasi yako yenye M, D na K. Usimuulize "nihame?" Muulize "kwa makosa haya, naweza kufika 50?" Swali la kwanza linamfanya akutie moyo au akukatishe tamaa, la pili linamlazimu aangalie kazi. Kisha mwalimu wa Baiolojia, umuulize wamefika wapi na kama yupo tayari kumpokea anayechelewa. Mwalimu wa taaluma awe wa mwisho, maana yeye anataka uamuzi, si mashaka.

Wenzako bwenini watakuwa na maoni. PCM ina majivuno yake, na anayehama huitwa kilaza kwa wiki moja, halafu wanasahau kwa sababu jaribio la pili limewafikia wao.

Mzazi ndiye mgumu. Wengi hupiga simu wakilia, baba anasikia kilio, anajibu "vumilia", simu inakwisha salio. Jaribu hivi.

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu, hujambo? Masomo yanaendaje?"
"Yanaenda baba, ila kuna jambo nataka ushauri wako. Hisabati nimepata 30. Nimefanya mazoezi wiki sita, nimefika 33. Mwalimu anasema kufika 50 ni vigumu. Nikihamia PCB naweza bado kusoma ufamasia, ila uhandisi nitakuwa nimeuacha."

Hapo umempa namba, umempa alichofanya mtoto wake, na umemtajia mlango unaofungwa na unaobaki. Anaweza kukasirika, lakini ana kitu cha kufikiria. Nawe mzazi unayesoma haya, kabla ya kusema ndiyo au hapana, uliza maswali mawili: umejaribu kwa muda gani, na unataka kusoma nini chuo? Ile habari ya mtoto wa jirani aliyepata daraja la kwanza PCM iache jirani.

Hatua ya sita: utaratibu wenyewe

Aliyebahatika kuligundua hili mapema, baada ya matokeo ya kidato cha nne na kabla ya kupangiwa shule, anaweza kubadili tahasusi kupitia mfumo wa Selform wa TAMISEMI dirisha la kubadili machaguo linapofunguliwa. Ni bure na hauhitaji kumlilia mtu. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65, kwa hiyo huenda ipo inayokufaa ambayo kaka yako hakuwa nayo.

Ukisharipoti, mambo yote yanapitia kwa mkuu wa shule. Kama PCB ipo shuleni hapo na darasa lina nafasi, ni suala la ndani. Kama haipo, unahitaji uhamisho wa shule, na huo una safari yake: shule unayokwenda ikukubali, shule unayotoka ikuachie, na kibali cha juu kitoke. Ukifika huko, anza mapema sana au uache.

Andika barua fupi. Mfano:

YAH: MAOMBI YA KUBADILI TAHASUSI KUTOKA PCM KWENDA PCB

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano PCM. Naomba kuhamia PCB kwa sababu kozi ninayokusudia kusoma chuo kikuu inahitaji Baiolojia. Kidato cha nne nilipata B katika Baiolojia. Nimezungumza na mwalimu wa Hisabati, mwalimu wa Baiolojia na mzazi wangu, nao wameridhia. Naambatanisha nakala ya matokeo.

Haina haja ya kueleza kwamba Hisabati inakutesa. Mkuu wa shule anajua.

Kuhusu muda: kabla ya mwezi wa kumi kwisha ni vizuri. Hadi mwezi wa kumi na mbili inawezekana kwa anayejituma, likizo yote ikaenda kwa Baiolojia. Kuanzia muhula wa pili naanza kusita, na baada ya likizo ya mwezi wa sita simshauri mtu. Kidato cha sita ni kifupi kuliko kinavyoonekana: moko, yaani mtihani wa majaribio, inagonga hodi mapema mwakani, na mtihani wa taifa mwezi wa tano.

Ukishahama, ukibaki

Aliyehama ana madeni mawili. La kwanza ni Baiolojia iliyompita, na hilo huwa analikumbuka. La pili ni BAM yenyewe. Kwa kuwa haiingii kwenye daraja, wengi huigeuza kipindi cha kulala. Halafu kozi ya biashara au ya kompyuta inakuja na sharti la ufaulu wa BAM, na mtu mwenye daraja la kwanza anabaki nje kwa sababu ya somo alilolidharau. Saa tatu kwa wiki zinatosha kabisa kwa aliyewahi kukaa PCM, maana mada za mwanzo keshaziona.

Aliyebaki aendelee na herufi zake tatu kwa kila jaribio. Msingi ukitengemaa utaona M zinapungua na D zinachukua nafasi yake, na hilo ni jambo zuri ingawa alama inaweza isibadilike mara moja.

Na kwa aliyechelewa, aliyebaki PCM akapata S au F, njia hazijakwisha ila ni ndefu zaidi. Anaweza kurudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kwenda stashahada ya ufundi kwenye vyuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, na akimaliza na wastani usiopungua 3.0 akaomba shahada kwa njia hiyo. Nina wanafunzi wawili wahandisi waliopita huko, na mmoja anasema mikono yake inajua kazi kuliko ya wenzake waliopita njia fupi.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini limewahi kumkuta mwanafunzi wangu. Alihama mwezi wa tisa, akasoma Baiolojia mwaka mzima, na hakuna aliyebadilisha jina lake kwenye kumbukumbu za shule. Iligundulika siku ya kuhakiki usajili wa mtihani. Siku hiyo ikifika, usitie saini haraka ili uwahi chakula. Soma namba za masomo mbele ya jina lako: Hisabati ya Juu ni 142, BAM ni 141. Kama umehama na bado unaona 142, usitoke kwenye chumba hicho hadi irekebishwe ukiwa unaangalia.